Siku Moja Maishani Mwangu: Muuguzi na Mlenga Shabaha Vijijini Alabama

Tangu familia yetu ihame kutoka New Jersey na kuja kaunti ya Talladega, mashariki mwa jimbo la Alabama, kazi yangu ya uuguzi wa kuzunguka majumbani na mchezo wangu wa kulenga shabaha kwa bastola zimekuwa zikikutana karibu kila siku. Nilikulia Moshi, mahali ambapo silaha ilikuwa kitu cha polisi, cha askari wa wanyamapori, au gobore la mzee fulani lililozungumzwa kwa sauti ya chini. Mchezo huu nilijifunzia Marekani, nikiwa mtu mzima, na nimeupenda kwa dhati. Hivi ndivyo inavyokwenda siku yangu moja ya kazi katika mwezi wa Oktoba.

Saa kumi na moja alfajiri

Watoto wakiwa bado wamelala, ninafungua sefu na kutoa bastola ya .45 (yaani kipenyo cha risasi yake kwa inchi) ya aina ya 1911, ule muundo wa mbunifu wa silaha John Browning ambao jeshi la Marekani liliutumia tangu mwaka 1911 hadi lilipochagua Beretta mwaka 1985. Ninatoa magazini, yaani kisanduku cha risasi, ninavuta sehemu ya juu nyuma, ninaitazama chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho, kisha ninaingiza kidole kuhakikisha kwamba haina kitu. Risasi zote zimefungiwa chumba kingine, na huko ndiko zinakokaa kwa muda wote wa zoezi hili.

Ukutani nimebandika karatasi yenye duara dogo jeusi. Ninanyoosha mkono mmoja tu, kwa kuwa katika mchezo wetu, unaojulikana hapa kama Bullseye, bastola hushikwa kwa mkono mmoja, na ninafyatua bila risasi. Jicho langu halitazami duara; linatazama kilengeo cha mbele, kile kijipande kilicho kwenye ncha ya bastola, nacho kionekane wazi hadi kwenye kingo zake, huku duara likiachwa na ukungu. Kilengeo hicho hakitulii kamwe, kwa sababu mkono wa binadamu hauwezi kutulia kabisa. Anayeanza huvizia dakika ambayo kitapita katikati ya duara ili akivute kifyatuo ghafla, na hapo ndipo anapokosa. Aliyefundishwa vizuri huukubali mtikisiko, akaendelea kukibonyeza kifyatuo polepole na moja kwa moja kurudi nyuma mpaka nyundo ianguke yenyewe. Nyundo ikianguka na kilengeo kisiruke, hilo lilikuwa pigo zuri. Nusu saa ya zoezi hili, isiyogharimu hata senti moja, hunifundisha zaidi ya boksi zima la risasi.

Saa moja na nusu asubuhi

Bastola imerudi kwenye sefu. Mwajiri wangu haruhusu wauguzi kubeba silaha kazini, na hata kama angeruhusu nisingeingia nayo katika nyumba ya mgonjwa. Barabara za kaunti zinapita katikati ya misonobari, mashamba ya pamba iliyokwisha kufunguka, na mabanda marefu ya kuku, na kwa kuwa kutoka nyumba moja hadi nyingine huweza kuchukua dakika arobaini, ninapata nafasi ya kutafakari tofauti ya maisha haya na yale ya kwanza.

New Jersey, kila bastola niliyotaka kununua ilihitaji kibali chake kutoka kwa polisi wa mji. Nilichukuliwa alama za vidole, watu wawili wanaonifahamu wakaulizwa habari zangu, na sheria haikuniruhusu kununua zaidi ya bastola moja katika siku 30. Safari ya kwenda uwanjani ilikuwa na masharti yake pia: silaha iwe tupu na ifungwe. Hapa Alabama, ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni, unajaza fomu ya serikali kuu, iitwayo 4473, unakaguliwa katika mfumo wa taifa ulioanza kazi mwaka 1998, na kwa kawaida unaondoka na bastola yako siku ileile. Kuanzia tarehe 1 Januari 2023, mtu mzima anayeruhusiwa kisheria kumiliki bastola hahitaji tena kibali cha kuibeba kwa siri. Hakuna anayeniuliza ninaihifadhi wapi.

Wapo Waafrika wenzangu wanaoniuliza kama uhuru huo haunitishi, na wapo majirani wanaoshangaa kwamba niliwahi kuishi chini ya masharti yale ya Kaskazini. Jibu langu kwa pande zote mbili ni kwamba, tangu nihamie hapa, masharti niliyokuwa nikiandikiwa na wengine nimeyaandika mwenyewe na kuyabandika ndani ya mlango wa sefu, na mke wangu anayajua yote kwa moyo. Silaha hufungwa. Risasi hukaa mbali nayo. Ninapoisafirisha hukaa tupu kwenye buti la gari, kwa sababu mimi ni mtu mweusi mwenye lafudhi ya kigeni ninayeendesha usiku katika barabara za mashambani, na askari akinisimamisha ninataka mikono yangu iwe juu ya usukani na pasiwe na kitu chochote karibu yangu cha kumpa mashaka.

Saa nne asubuhi

Nyumba ya pili ni ya mzee mwenye maradhi ya Parkinson, ambaye katika miezi ya karibuni ameanza pia kusahau. Sitaeleza zaidi juu yake. Ninapovuta kigoda nimpime shinikizo la damu, ninaona mpini wa mbao wa revolva, bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, ukichungulia kutoka kwenye mfuko wa pembeni wa kiti chake.

Katika vijiji hivi jambo hilo ni la kawaida kabisa. Bunduki ya kuwindia kulungu huning'inia juu ya mlango, revolva hukaa kwenye kiti au kwenye droo ya kitandani, na mara nyingi zote mbili zilikuwa za baba au za babu. Muuguzi anayeingia humo na kuzungumza kana kwamba ameona nyoka hafungui mlango wowote wa mazungumzo. Mimi ninaanza na silaha yenyewe.

"Bwana mkubwa, hiyo ni Smith & Wesson ya zamani?"

Uso wake unafunguka. "Ya baba yangu, kijana. Unazijua?"

Ninamweleza kwamba ninashindana kwa bastola, na tunazungumza kwa muda juu ya chuma cha zamani na vifyatuo laini. Ndipo ninapomuuliza, kwa heshima ileile, kama mikono yake siku hizi inamtii, na kama wajukuu bado huja Jumapili. Ananyamaza kidogo. Binti yake, aliyesimama mlangoni jikoni, ananitazama kwa macho ya mtu aliyekuwa akisubiri swali hilo liulizwe na mtu mwingine, maana alihofia kwamba kumnyang'anya baba yake urithi huo kungemvunja moyo kuliko ugonjwa wenyewe.

Hatumnyang'anyi. Tunakubaliana kwamba revolva itolewe risasi, ipitishiwe kufuli ya waya, aina ambayo mara nyingi ofisi za sherifu huigawa bure, na iingie kwenye sanduku ambalo ufunguo wake atakaa nao binti. Akitaka kuiona, ataletewa ikiwa tupu. Mzee anakubali kwa sharti moja, kwamba mimi mwenyewe niipake mafuta kabla haijafungwa, nami ninaipaka mbele yake.

Ninalichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa kwa sababu ninaijua hesabu yake. Zaidi ya nusu ya vifo vyote vya risasi nchini Marekani ni vya watu waliojiua, na wanaume wenye umri wa miaka 75 na zaidi ndio wenye kiwango kikubwa kuliko wote cha kujiua. Wengi wanaonusurika jaribio kama hilo hawafi baadaye kwa kujiua. Tatizo ni kwamba bastola haimpi mtu nafasi ya kunusurika. Kufuli moja inaweza kumpitisha mtu katika saa mbaya. Kabla sijaondoka ninaandika namba 988, simu ya taifa ya watu walio katika dhiki ya namna hiyo, na kuiacha kwenye mlango wa friji.

Saa sita na nusu mchana

Chakula cha mchana ninakula katika duka la kando ya barabara linalouza mafuta ya gari, chambo cha samaki, risasi za .22 na karanga za kuchemsha. Karanga hizo, zilizochemshwa na maganda yake kwenye maji ya chumvi, ni zilezile za stendi za mabasi nyumbani, na huliwa kote Kusini. Baada ya hapo kuna mgonjwa mmoja wa kidonda, kisha ripoti za kuandika ndani ya gari.

Saa kumi na robo jioni

Jirani yangu, fundi mitambo mstaafu, ana malisho yanayoishia kwenye kilima, na hapo ametengeneza uwanja wetu. Alikwangua kilima kwa trekta na kujenga tuta la udongo lililo refu kuliko mtu, bila mawe, kwa sababu jiwe hurudisha risasi. Tuta hilo ndilo moyo wa uwanja. Risasi ndogo ya .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu ikikosa cha kuizuia, na upande wa pili wa kilima kuna ng'ombe na nyumba za watu. Kabla ya kuanza tunazirudia kwa sauti zile kanuni nne zinazohusishwa na Jeff Cooper, ofisa wa zamani wa kikosi cha Marine: kila silaha ihesabiwe kuwa ina risasi, usiielekeze kwa kitu usichotaka kukiangamiza, kidole kikae nje ya kifyatuo mpaka vilengeo viwe kwenye shabaha, ijue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Mzee wa umri wa miaka 70 na ushei huzirudia kwa makini yaleyale ya mwanafunzi, nami ninamheshimu sana kwa hilo.

Mpangilio wa mchezo ni huu. Risasi kumi za polepole kwa dakika kumi, umbali wa yadi 50, yaani takriban mita 46. Kisha umbali unapungua hadi yadi 25, na unapiga mafungu mawili ya risasi tano, kila fungu kwa sekunde 20, halafu mawili mengine kwa sekunde 10 tu. Duara la alama kumi lina upana wa sentimita 8.5. Shindano kamili huwa na risasi 270, sehemu ya kwanza kwa .22, ya pili kwa bastola ya centerfire, ambayo risasi zake zina kiwashio katikati ya kitako cha ganda, ya tatu kwa .45, na alama za juu kabisa ni 2,700.

Leo za polepole zimekusanyika vizuri. Kwenye sekunde 10, hata hivyo, mafungu yangu yanateremka kushoto na chini, na kwa mtu anayetumia mkono wa kulia hiyo ni dalili ya kukivuta kifyatuo kwa pupa, kwa mkono mzima badala ya kidole. Jirani ananipakilia magazini na kuchanganya humo risasi bandia bila kuniambia iko ya ngapi. Nyundo inapoangukia bandia, bastola haina mshindo wa kuficha kosa, na mdomo wa mtutu unaonekana waziwazi ukiinama. Tunalirudia zoezi hilo mpaka unaacha kuinama.

Saa kumi na mbili na nusu jioni

Viatu vya uwanjani vinabaki kibarazani, na nguo zinafuliwa peke yake. Vichwa vya risasi zetu nyingi ni vya madini ya plumbi, na viwashio vyake pia vina madini hayo. Vumbi lake huingia mwilini kupitia mikononi na mdomoni, na huwadhuru zaidi watoto wadogo. Nanawa kwa maji baridi na sabuni mpaka kwenye viwiko kabla sijamgusa mtoto. Kila mwaka ninapima damu yangu, na ninawahimiza wenzangu wafanye hivyo.

Saa mbili usiku

Watoto wamelala. Gereji ni kimya, simu nimeizima, na ninajaza upya maganda ya .45 niliyoyaokota. Kazi hii haifanywi na mtu mwenye haraka. Baruti hupimwa kwa kipimo kidogo kiitwacho grain, ambacho 7,000 zake hufanya ratili moja, na ganda likijazwa mara mbili linaweza kuipasua bastola mkononi. Ninayapanga maganda hamsini kwenye ubao wenye matundu, ninayamulika kwa tochi moja baada ya jingine, na usawa wa baruti ndani yake ukiwa sawa kote, ndipo ninapoweka vichwa vya risasi. Hizi ni za Jumamosi, tutakapokwenda katika uwanja wa Civilian Marksmanship Program, shirika la kitaifa la mafunzo ya kulenga shabaha, hapa Talladega, wenye ekari 500 na uliofunguliwa mwaka 2015, ambako shabaha za kielektroniki huonyesha kila pigo kwenye skrini iliyo kando ya mpigaji.

Saa tatu usiku

Huko Tanzania ni saa kumi na moja alfajiri, na mdogo wangu wa Mwanza anajiandaa kwenda kazini. Amepanga kuja kututembelea na anataka kujua kama ataweza kununua bastola. Ninamwambia kwamba mgeni mwenye viza ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi na sheria ya serikali kuu kununua wala kumiliki silaha hapa, isipokuwa kwa misamaha michache kama ya mwenye leseni ya uwindaji, na kwamba mwenye ukaazi wa kudumu ndiye anayeweza kununua kama raia.

"Basi, kaka, nitakaa tu nikutazame?"

Ninamjibu kwamba tutaulizia masharti yote kwanza, na kwamba yakiruhusu tutaanza na .22 pale kwenye malisho, ambapo mpaka mchana wa siku ya kwanza atakuwa bado hajapiga risasi hata moja.