Siku moja maishani mwangu: darasa la Montessori, saa kwa saa

Darasa hili lina watoto wa miaka mitatu hadi sita, wote chumba kimoja, na watu wazima wawili: mimi mwalimu na msaidizi wangu. Mchanganyiko wa rika ulikuwepo tangu tarehe 6 Januari 1907, Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyeanzisha mfumo huu wa kufundisha, alipofungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, Roma, na una sababu. Mdogo hujifunza mengi kwa kumtazama mkubwa, na mkubwa huimarika kwa kumwelekeza mdogo. Kazi yangu mimi ni kuandaa, kuonyesha mara moja vizuri, kisha kujizuia. Hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote.

Saa 1:00 asubuhi, kukagua rafu

Naanza na rafu za kazi za kila siku: kumimina, kuchota kwa kijiko, kufunga vifungo, kung'arisha, kuosha meza. Kila trei naishusha, naibeba hadi mezani na kuifanya kazi yake mpaka mwisho, nikifuata hatua zile zile atakazofuata mtoto. Hapo ndipo utagundua sponji imekauka ikawa ngumu, kitambaa cha kufutia hakipo, au kijiko ni kipana kuliko mdomo wa bakuli. Kitu kimoja kikikosekana, mtoto ataanza kazi na kukwama katikati. Atainuka kukitafuta, atakutana na mwenzake njiani, na kazi imeishia hapo. Fujo nyingi za darasani zinaanzia kwenye trei isiyokamilika, na lawama anabebeshwa mtoto.

Vyombo ni vya kweli: glasi za kioo, majagi ya kauri, kisu kidogo kinachokata. Chombo cha plastiki kikianguka hakimfundishi mtoto kitu, ila cha kioo kinamfanya atembee kwa uangalifu kuanzia rafuni. Chenye ufa kinatolewa asubuhi hiyo hiyo.

Kisha vifaa vya hisi. Mnara wa waridi una michemraba 10, mdogo ukiwa na upande wa sentimita 1 na mkubwa sentimita 10. Nauhesabu kila siku, kwa sababu ule mdogo kabisa hupotea: chini ya rafu, mfukoni mwa aproni, kwenye takataka zilizofagiliwa. Ukipotea, kipimo kimepotea. Mnara ukipangwa kwa kulinganisha kona moja, kila daraja huacha ukingo wenye upana wa sentimita 1, na mchemraba ule mdogo hukaa juu ya ukingo huo bila kupungua wala kuzidi. Mtoto mkubwa akiligundua hilo hupanda nao daraja baada ya daraja hadi juu. Mtu mzima akimwambia mapema, amemnyang'anya ugunduzi wake.

Mbao za silinda ziko nne, kila moja na silinda 10 zenye vishikio. Nafuta vumbi ndani ya matundu. Uchafu ukikaa chini, silinda haitazama vizuri na mtoto ataona kosa ambalo hakulifanya. Kifaa kinapaswa kusema ukweli, kwa sababu ndicho kinachomsahihisha mtoto badala yangu.

Saa 2:00, mlangoni

Nachuchumaa ili macho yetu yawe sawa, tunashikana mkono, tunasalimiana kwa jina. Mtoto anavua viatu mwenyewe na kutundika begi lake mwenyewe kwenye msumari ulio usawa wa bega lake. Mzazi mwenye haraka hutaka kumvua, na hapo nazungumza na mzazi, simsemeshi mtoto. Dakika nne za kuhangaika na mkanda wa kiatu ndizo somo la kwanza la siku.

Saa 2:15, kazi inaanza

Kuanzia sasa hadi saa 5:15 hakuna kengele, hakuna kipindi, hakuna kuitana. Saa tatu mfululizo. Shule nyingi zinazojiita za Montessori zina rafu nzuri na vifaa vya bei kubwa, lakini zimeukata muda huu vipande vya nusu saa kwa ajili ya wimbo, lugha ya pili na mazoezi ya viungo. Kwa maoni yangu, afadhali nusu ya vifaa na saa tatu kamili.

Mtoto anachagua kazi aliyokwisha kuonyeshwa, anatandika mkeka au anachukua nafasi mezani, anafanya, anarudisha kila kitu mahali pake kikiwa tayari kwa mwenzake. Kila kifaa kipo kimoja tu. Anayekitaka na kukikuta kinatumika husubiri, au huchagua kingine.

Kumimina maji ndiyo kazi ya mapema, na inastahili kuelezwa kwa undani. Kabla ya maji, mtoto humimina punje kavu kutoka jagi moja hadi jagi lingine la ukubwa ule ule. Akishazoea hupewa trei yenye ukingo, majagi mawili madogo, na sponji inayoenea kiganjani mwake. Maji yanafika nusu ya jagi, yasizidi. Namwonyesha polepole, nikikaa upande wa mkono wake wenye nguvu asizibwe na mwili wangu, na sisemi neno mikono yangu inapofanya kazi, kwa sababu mtoto wa umri huu akisikiliza maneno huacha kutazama vidole. Mkono mmoja unashika kishikio, vidole vya mkono wa pili vinaegemeza chini ya mdomo wa jagi. Linainuliwa, mdomo unaletwa katikati ya jagi la pili bila kuligusa, linainamishwa taratibu. Halafu inakuja hatua ambayo wengi wanairuka: kungoja tone la mwisho lidondoke kabla ya kulisimamisha jagi. Tone hilo lisiposubiriwa hutiririka nje ya jagi hadi kwenye trei. Mwisho napitisha macho juu ya trei nzima kutafuta tone lililomwagika, nalifyonza kwa sponji, naikamua.

Maji yakimwagika kila mara, tazama jagi kabla ya kumtazama mtoto. Mdomo wa mviringo usiochongoka hurudisha maji nyuma yakafuata ukuta wa jagi. Jagi zito huwahi kuinama kabla mkono haujawa tayari. Anayejaza glasi hadi kufurika hana pa kusimamia, kwa hiyo bandika ukanda mwembamba wa rangi kwenye glasi, na ukanda huo utamwambia aishie wapi.

Saa 3:00, herufi za msasa

Mtoto wa miaka minne amekuja kwa ajili ya herufi, zile zilizokatwa kwa karatasi ya msasa na kubandikwa kwenye vibao. Kwanza ananawa kwa maji ya uvuguvugu na kusugua ncha za vidole ili zihisi vizuri. Nachagua herufi tatu zisizofanana kwa umbo wala kwa sauti, mfano m, a na s. Kamwe b na d haziwekwi pamoja siku moja.

Kibao kinashikwa kwa mkono usioandika. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vinapita juu ya msasa kwa njia ile ile kalamu itakayopita. Ninatamka sauti peke yake, "mmm", wala sisemi "em". Somo lina ngazi tatu. Ya kwanza: "Hii ni mmm." Ya pili ni ndefu na ya kuchangamsha: "Nionyeshe sss. Iweke kwenye kona. Iguse tena mmm." Ya tatu: "Hii ni ipi?" Siingii ya tatu mpaka nione ya pili haina kusita. Akikosea katika ya pili simwambii hapana. Narudi ya kwanza, au namshukuru na kufunga somo, kwa kuwa kosa hilo linaniambia mimi nimewahi. Msasa nao una lawama zake: ukikwaruza sana, mtoto atagusa mara moja na kuziepuka herufi wiki nzima, bila wewe kujua kwa nini.

Irabu ziko kwenye vibao vya buluu, konsonanti vya waridi. Kwa darasa la Kiswahili tengeneza pia vibao vya sauti zinazoandikwa kwa zaidi ya herufi moja: ch, sh, th, dh, gh, ny, ng'. Mtoto akifundishwa n na y peke yake, hataipata sauti inayoanza "nyumba" hata akijitahidi. Kwenye sanduku la herufi za kupangia maneno, ongeza irabu. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na sanduku lililotengenezwa kwa lugha nyingine huishiwa a haraka mtoto akipanga maneno kama "mama anakaa". Mimi huweka a zisizopungua 15. Habari njema ni kwamba akishajua sauti, anaandika karibu lolote analolisema, na uandishi huu wa kupanga hutangulia kusoma.

Saa 3:45, kelele

Karibu saa moja na nusu tangu kazi ianze, sauti zinapanda. Watoto wanazurura, wawili wanasukumana karibu na rafu, kazi nyepesi zinashushwa na kurudishwa. Ni uchovu wa uongo. Montessori aliuona na kuuchora kwenye grafu zake za kazi, na atakayekaa darasani kwa saa tatu ataukuta. Mwalimu mgeni hupiga kengele hapa na kuwaita wote wakae duara. Akifanya hivyo ameikata siku mahali pabaya kabisa, maana kazi nzito zaidi huja baada ya kipindi hiki.

Ninachofanya ni kidogo. Wanaosumbua wengine nawaendea na kuwapa la kufanya lenye mwili ndani yake: kubeba ndoo, kuosha meza, kukunja mikeka. Waliobaki nawaacha. Baada ya dakika 10 au 20 chumba kinatulia chenyewe.

Saa 4:10, shanga za dhahabu

Sasa mikeka miwili inatandikwa. Ushanga mmoja ni moja. Ufito wa shanga 10 ni kumi. Fito 10 zikiungwa ni mraba wa mia. Miraba 10 ikibebanishwa ni mchemraba wa elfu. Mtoto anaibeba elfu kwa mikono miwili na kuusikia uzito wake kabla hajaiandika.

Watoto wawili wanaenda "benki", yaani kwenye akiba ya shanga, na trei zao. Mmoja analeta 1,346, mwingine 2,427. Wanazimwaga pamoja na kuhesabu kuanzia moja: zipo 13. Kumi zinarudishwa benki na kubadilishwa kwa ufito mmoja, zinabaki 3. Fito ni 4 na 2 na huo mmoja, jumla 7. Mia 7, elfu 3. Kadi zinapangwa juu yake: 3,773, moja na elfu zikiwa za kijani, makumi buluu, mamia nyekundu.

Jibu likikosewa, mara nyingi ni wakati wa kubadilisha: mtoto kahesabu 9 au 11. Sirudii hesabu yake. Nampa ufito na kumwomba apange shanga zake kando yake, moja kwa moja. Zikizidi au zikipungua zinaonekana bila mtu kusema.

Wakati huu wote daftari langu liko wazi. Naandika ninachokiona: saa aliyoanza, kifaa, mara ngapi amerudia, alichofanya alipokwama. Neno "amefurahi" halinisaidii kesho. "Amepanga silinda mara sita, mara ya tatu akibadili mkono" linanisaidia. Mtoto anayerudia simsifu. Neno la sifa linamtoa kwenye kazi na kumgeuza anitazame mimi, na wengi hawarudi tena.

Saa 5:15, kwenye mstari

Sakafuni kuna mstari wa duaradufu wa utepe. Wanatembea kisigino kikigusa kidole, kisha wanabeba glasi yenye maji, au kengele isiyotakiwa kulia. Baadaye nyimbo, mashairi, na adabu zinazoigizwa: kupita katikati ya watu wawili wanaozungumza, kupiga chafya, kumwita mwalimu aliye na mtu kwa kuweka mkono begani na kungoja. Kisha nje, na nje nako kuna reki na ndoo za kumwagilia za ukubwa wao.

Saa 6:30, chakula

Watoto wanaandaa meza kwa zamu. Kitambaa cha meza kina alama zilizodariziwa za sahani, glasi na kijiko, hivyo hata wa miaka mitatu anaweza kupanga. Anayemaliza anaosha sahani yake: beseni la sabuni, la kusuuzia, rafu ya kukaushia, kutoka kushoto kwenda kulia.

Saa 7:15 mchana

Wadogo wanalala. Wakubwa wanarudi kazini, na huu ndio muda wao bora, chumba kikiwa na nafasi na mkeka mrefu wa minyororo ya shanga ukiwa haukanyagwi. Ramani, vitabu vidogo vya kusoma na hesabu ndefu huja sasa.

Saa 9:00, baada ya kuondoka

Nalipitia daftari na kupanga maonyesho ya kesho, kila moja kwa jina la mtoto, nikijua kwamba nusu huenda yasifanyike kwa sababu mtoto atakuwa na kazi yake, nami sitamkatiza. Rafu za hisi na hesabu sizibadilishi. Za kazi za kila siku ndizo zinazobadilika: trei isiyoguswa kwa wiki mbili inatolewa, au inabadilishwa rangi ya vyombo, au inapandishwa ugumu, punje kubwa zikawa ndogo, kijiko kikawa koleo. Herufi b imegomewa na watoto watatu sasa. Kesho, kabla ya kuwalaumu, naubandua msasa wake na kubandika laini zaidi.