Karte zangu za ndege za Uingereza
Leo mvua imenyesha hapa Goma tangu asubuhi, basi nimetoa boite yangu ya karte nikazitandika juu ya kitanda moja moja. Hizi ni karte ndogo zenye picha za ndege za kusafiria angani, zilikuwa zinatiwa ndani ya paketi za majani ya chai kule Uingereza, mbele yake karte zilikuwa zinatiwa ndani ya paketi za sigara, lakini hizo zilikatika wakati wa vita ya pili ya dunia juu karatasi ilikosekana, kisha miaka ya 1950 chai ikachukua nafasi, mzazi anakunywa chai, mtoto anapata karte ya ndege!

Ile napenda kupita zote ni ya de Havilland Comet, ndege ya jeti ya kubeba abiria. Kona moja imekunjika, bluu ya mbingu imepauka, lakini angalia mabawa: injini nne zimefichwa ndani kabisa karibu na tumbo, hakuna pangaboi hata moja. Iliruka mara ya kwanza 1949, na tarehe 2 Mei 1952 ikaanza kubeba abiria London mpaka Johannesburg, ikapitia Entebbe, yaani hapa jirani tu, roho inanifurahi sana nikiwaza hivyo.

Ya Viscount, ndege ingine ya abiria, iko na alama ya gundi mgongoni, mtu aliibandua kwenye albamu kwa nguvu, maandishi ya nyuma yakabaki kule, na inaniuma juu maandishi ndio nusu ya karte. Karte ya Avro Vulcan, ndege ya vita ya kutupa mabomu, bado naitafuta.