Madume wawili wa sungura katika banda moja

Mwezi uliopita, hapa Ipuli, Tabora, nilitumia asubuhi nzima kusafisha majeraha ya sungura wawili niliodhani kwamba, kwa kuwa ni ndugu wa tumbo moja, hawataweza kugombana. Tangu walipoachishwa kunyonya walilala wakiegemeana, lakini walipokaribia miezi minne, umri ambao dume huwa ameanza kupevuka, mmoja alianza kumfukuza mwenzake, kumpanda na kunyunyiza mkojo kila pembe ya banda. Mimi, kwa ujinga wangu, nikasema ni michezo ya watoto. Kulipopambazuka nilikuta manyoya yametapakaa, na yule mdogo ana jeraha karibu na korodani, mahali ambapo madume hulengana hasa.

Nimewatenganisha kwa wavu wa waya, kila mmoja na chombo chake cha maji, kwa kuwa banda, hata likiwa pana, si salama kwa madume wawili wasiohasiwa. Daktari wa mifugo amekubali kumhasi mkubwa, ingawa nitalazimika kusubiri wiki kadhaa kabla ya kumweka na jike, kwa sababu dume aliyehasiwa karibuni bado anaweza kumpa mimba. Kwa sasa wanatazamana kupitia wavu, wakipiga chini miguu ya nyuma.