Upepo wa kusi unapovuka ikweta

Kuanzia Juni hadi Septemba kuna upepo mmoja ninaoufuatilia kwenye ramani za hali ya hewa kila nipatapo nafasi, nao ni kusi. Unatoka kusini mwa Bahari ya Hindi ukielekea kaskazini-magharibi. Ukishavuka ikweta, unaanza kupinda kulia. Unapita kando ya Somalia, na ukiingia Bahari ya Arabu tayari ni upepo wa kusini-magharibi, ule unaoipelekea India mvua zake. Hewa ni ile ile, ila imeingia kizio kingine, yaani nusu nyingine ya dunia.

Anayeniuliza sababu ya kupinda huko, mimi humpa tufe la dunia na chaki. Mmoja azungushe tufe kuelekea mashariki, mwingine ateremshe chaki moja kwa moja kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta, mkono usiyumbe. Tufe likisimama, mstari utaonekana umepinda magharibi, yaani kulia kwa njia iliyopita chaki. Mkianzia Ncha ya Kusini, utapinda kushoto. Mkono ulikwenda sawasawa; tufe ndilo lililokuwa likihama chini yake.

Aliyesimama kwenye ikweta anabebwa na dunia kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa. Kwenye latitudo ya nyuzi 60 kasi hiyo ni nusu, na nchani hakuna. Kwa hiyo hewa inayoelekea ikweta hukuta ardhi inayokwenda mbio kuliko yenyewe, ikaachwa nyuma upande wa magharibi. Mwingereza George Hadley aliliona hilo mwaka 1735. Lakini hiyo ni nusu tu ya habari, maana hata upepo unaovuma mashariki au magharibi hupindishwa vilevile. Hesabu kamili ilitoka kwa Mfaransa Gaspard-Gustave de Coriolis mwaka 1835, naye alikuwa akichunguza mashine zinazozunguka, wala si pepo.

Ikweta penyewe msukumo huu wa kupindisha haupo, na ndiyo maana vimbunga ni nadra sana kuzaliwa karibu nayo. (Na yale ya maji ya sinki kuzunguka kulia au kushoto kulingana na kizio, tuyaache. Kwenye chombo kidogo hivyo, umbo la sinki na jinsi maji yalivyomiminwa vina nguvu zaidi kwa mbali.)

Baharini mambo yananoga zaidi. Meli ya Fram ya mvumbuzi wa Norwe Fridtjof Nansen, iliyonaswa kwenye barafu ya Aktiki kati ya 1893 na 1896, haikufuata upepo barabara. Barafu ilisogea upande wa kulia wa upepo, kwa nyuzi 20 hadi 40. Mwanasayansi wa bahari kutoka Uswidi, Vagn Walfrid Ekman, akaeleza kwa nini: tabaka la juu la maji huliburuta la chini yake, nalo hupinda zaidi kidogo, hivyo hivyo kushuka. Ukijumlisha matabaka yote, katika kizio cha kaskazini maji huenda pembe mraba kulia kwa upepo.

Sasa turudi Somalia. Upepo wa kusini-magharibi unavuma sambamba na pwani, nchi kavu ikiwa kushoto kwake. Maji ya juu yanasukumwa kulia, kwenda bahari kuu, na pengo linajazwa na maji baridi yanayopanda kutoka kilindini na virutubisho vyake. Pwani ya tropiki, si mbali na ikweta, bahari inapoa katikati ya mwaka, na viumbe vidogo vinavyolisha samaki vinastawi humo hadi kusi itulie.