Seremala Alaska: kazi ya kuhamisha kijiji

Nikisema naishi Alaska, swali la kwanza huwa baridi. Jamani, baridi unaivalia, yanaisha. Kinachotutesa huku magharibi, kwenye delta ya mito Yukon na Kuskokwim, ni joto.

Udongo wa huku umeganda tangu enzi na enzi, na barafu iliyo ndani yake ndiyo inayoushika. Sasa inayeyuka. Mto unachimba ukingo kwa chini, juu panabaki pamening'inia, kisha pande zima linaporomoka majini na nyasi zake. Ukisimama mbele ya ukingo uliomeguka leo unaiona barafu yenyewe ukutani, ya kijivu, ikichuruzika tope jeusi.

Ndiyo maana nyumba tunaziinua juu ya nguzo: upepo upite chini, joto la jiko lisiifikie ardhi. Kwenye nguzo tunaweka jeki. Upande mmoja ukititia, unapandisha jeki mpaka pimamaji ikae sawa. Lakini jeki haisaidii kitu ukingo ukishafika mlangoni.

Yaliwakuta Wayup'ik, wenyeji wa asili wa huku, katika kijiji cha Newtok. Mto Ninglick uliwamega wastani wa futi 70 kwa mwaka. Waliamua kuhama miaka ya 1990, wakapata ardhi Mertarvik, ng'ambo ya mto, mwaka 2003. Familia za kwanza zilihamia Oktoba 2019, za mwisho 2024. Piga hesabu mwenyewe. Na hawa ni watu ambao mababu zao walihama kila msimu wakifuata samaki na wanyama. Shule ya serikali ndiyo iliyowatuliza mahali pamoja!

Kilichowachelewesha hasa ni fedha. Msaada wa maafa wa Marekani umepangwa kwa janga la ghafla, kama kimbunga au mafuriko. Mto unaomega kidogo kidogo hauna fungu lake. Newtok waliomba hali yao itangazwe kuwa janga, mwaka 2017 wakakataliwa. Kwangu mimi huo ni upofu wa makaratasi, maana hakuna janga linalotoa taarifa mapema kama hili.

Taarifa yenyewe ni rahisi kuipata. Katika vijiji kadhaa wenyeji hupigilia vigingi, wakanyoosha futikamba kutoka kigingini hadi ukingoni, wakaandika tarehe na kupiga picha. Ukiwa na vipimo vya miaka michache unajua nyumba ipi ihamishwe kwanza.

Oktoba 2025 mabaki ya kimbunga Halong yalipiga vijiji vya Kipnuk na Kwigillingok, nyumba zikaelea na watu wakiwa ndani. Hapo helikopta na ndege za jeshi zilikuja upesi, mamia ya watu wakapelekwa Anchorage.

Kazi ya kujenga upya ipo, na msimu wa ujenzi ni mfupi. Kama una kibali cha kazi na unajua useremala au umeme, nunua buti za mpira ndefu kabla ya koti. Kiangazi huku ni matope na mbu, na mbu wake hawana adabu.