Mteremko wa Lord's

Ramadhani ya mwaka 1983 Lindi haikuwa na sukari wala sabuni, na betri za redio zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Lakini Jumamosi ile, tarehe 25 Juni, redio ya mzee wa Kihindi wa duka la vitambaa ilinguruma tangu mchana. Mama alinituma uzi wa kudarizia kofia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Kaa hapo, tulia kwanza."

Ilikuwa fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, uwanja wa Lord's, London. West Indies walikuwa mabingwa wa 1975 na 1979, na mara zote mbili walilitwaa kombe hapohapo. Wapigaji wa India walikuwa wameshatolewa wote kwa mikimbio, yaani pointi, 183 tu. Mzee alinyong'onyea.

Ujanani aliwahi kuuona uwanja ule kwa macho yake. Akauchora juu ya kaunta kwa chaki ya fundi cherehani: jukwaa kuu la wachezaji huku, na kule sanamu ya mzee mwenye mundu, inayoonyesha upepo unakotoka tangu 1926. Kisha akachomeka daftari la madeni chini ya ubao wa kukunjia vitambaa, akaweka kibiringo changu cha uzi juu yake. Kikabingirika.

"Ndivyo ulivyo. Umeinama."

Thomas Lord, mwanzilishi wa uwanja ule, alihamia pale mwaka 1814, na hadi leo upande mmoja umezidi mwingine kwa karibu mita 2.5. Mpira ukidunda, mteremko unauvuta, na mrushaji anayeujua anautumia. Kiwanja chetu cha mtaani nacho kiliinamia baharini, nasi siku zote tuliona ni unyonge wetu. Kumbe uwanja unaoheshimiwa kuliko yote ya kriketi umeinama, na wenyewe hawataki kuusawazisha! Nilimwomba akibingirishe tena.

Tulikuwa tumekwisha kufuturu Viv Richards, mpigaji hodari wa West Indies, alipoupiga mpira juu sana. Kapil Dev, nahodha wa India, akakimbia kinyumenyume, akaudaka kabla haujadunda; Richards akatoka. Mzee alishika kichwa kwa mikono miwili, midomo ikimcheza. Niliporudi kutoka tarawehe, duka lilikuwa bado wazi, watu wamejaa barazani, wengi wao hawajui kriketi hata kidogo. West Indies wakaishia 140; kombe likawa la India.

Jumapili yake tulichonga gongo la kriketi kwa ubao wa kasha la chai. Mrushaji tulimweka upande wa juu.