Theluji ya karatasi kwa mama aliyeko Moshi

Mwaka wangu wa kwanza hapa Burlington, katika jimbo la Vermont nchini Marekani, nilimtengenezea mama yangu kadi ya mwaka mpya yenye chembe ya theluji, nikaituma Moshi, Tanzania, nikiwa na hakika kwamba nimefanya kazi ya maana. Ilipomfikia alinipigia simu, akaitikia shikamoo yangu, akanishukuru kwa maneno mengi, kisha akauliza kwa upole: "Sasa mama, hiki kitambaa ulichokikata ni cha meza au cha kochi?"

Sikuweza kumlaumu. Nilikuwa nimebandika karatasi nyeupe juu ya kadi nyeupe, tena yenye ncha nane, na kwa mtu ambaye amefuma vitambaa vya makochi tangu ujana wake, duara jeupe lenye matundu ya mpangilio haliwezi kuwa kitu kingine. Theluji anaijua, lakini anayoijua ni ile ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inayoonekana kutoka uani kwake asubuhi kabla mawingu hayajaufunika mlima. Chembe moja iliyotua kwenye mkono wa koti, ikakaa kidogo kabla ya kuyeyuka, hajapata kuiona.

Dawa ya kosa la kwanza niliipata Jericho, kijiji kilicho mwendo mfupi kwa gari kutoka hapa, ambako aliishi mkulima aitwaye Wilson Bentley. Mnamo Januari 1885, akiwa hajafikisha miaka 20, aliunganisha kamera na hadubini na kufanikiwa kupiga picha ya chembe ya theluji, na hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Picha zake huonyeshwa katika kinu cha zamani cha kijiji hicho, na kilichonishangaza ni kwamba weusi ule unaozunguka kila chembe haukutokana na kamera. Bentley alichukua nakala ya negativu, yaani bamba la picha ambalo weusi na weupe wake umegeuzwa, na kukwangua kwa kisu, polepole, tabaka la dawa lililolizunguka umbo, ili picha itakaposafishwa chembe ibaki nyeupe juu ya giza. Kumbe hata yeye alikuwa mkataji kama sisi, na alijua kwamba weupe juu ya weupe haumfikii mtazamaji. Tangu siku hiyo natumia manila ya buluu iliyokolea, kama anga la saa moja jioni, na rangi nyingine yoyote kwenye kadi naiona ni ya ziada.

Kosa la pili ni la hesabu. Karatasi ikikunjwa katikati mara tatu hutoa ncha nne au nane, na kwa kuwa mkunjo huo ni rahisi, ndio watu wengi tunaokata. Lakini molekuli za maji zinapoganda hujipanga katika maumbo ya pembe sita, na chembe inayokua juu ya mpangilio huo hutoa matawi sita. Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota, aliliandikia swali la pembe hizo sita kijitabu kizima mwaka 1611 huko Prague, akampa rafiki yake kama zawadi ya mwaka mpya. Nalipenda jambo hilo kwa sababu, ukiacha ukubwa wa akili yake, ni kazi ileile ninayoifanya mimi mezani kwangu.

Karatasi ya kawaida ya hapa ina milimita 216 kwa 279. Naikata manila ya ukubwa huo katikati ya urefu wake, na kila nusu naikunja iwe kadi ya milimita 108 kwa 140, kwa hiyo karatasi moja hutoa kadi mbili. Kabla ya kukunja, napitisha juu ya mstari, kwa msaada wa rula, ncha ya kalamu iliyokwisha wino, kwa maana manila isiyotiwa alama hupasuka mgongoni na kuonyesha nyuzi zake.

Chembe yenyewe inahitaji karatasi nyeupe iliyo nyepesi kadiri inavyopatikana, mraba wa sentimita 9. Ikunje kutoka pembe hadi pembe iwe pembetatu, tafuta katikati ya upande mrefu, kisha kutoka hapo likunje bawa la kulia na la kushoto yapandane, ili upana wote ugawanyike mara tatu sawasawa. Hapa ndipo mikono hukosea, kwa hiyo usiukandamize mkunjo kabla hujahakikisha kwamba kingo zimelingana. Halafu kunja tena katikati. Sasa una kipande chembamba chenye matabaka 12, na ndiyo sababu karatasi nzito haifai: mkasi hukwama na matabaka huteleza. Kata kwanza masikio yaliyozidi juu, kisha anza kutoa vipande vidogo pembeni kwa mkasi wa kucha, huku ukiacha sehemu za mkunjo ambazo hazijaguswa, kwani ukikata mkunjo wote chembe itakudondokea vipande vipande. Ile ncha ya chini ndiyo itakayokuwa katikati ya chembe. Kukunjua ni raha isiyoelezeka, na mwanangu wa miaka minane hairuhusu mikono mingine ifanye kazi hiyo.

Gundi ya maji huikunyanza karatasi nyepesi, kwa hiyo natumia ile ngumu inayozungushwa ikatokeza kama rangi ya mdomo, nami naipaka katikati na kwenye mashina ya matawi tu. Ncha zikiachwa huru huinuka kidogo na kutupa kivuli juu ya buluu, na kivuli hicho ndicho kinachoifanya theluji ionekane imetua badala ya kuchorwa. Unga wa kumeremeta sitii. Humwagika ndani ya bahasha, hukaa kwenye zulia hadi Pasaka, na hauongezi kitu ambacho kivuli hakijakitoa.

Kwa kuwa wino hauonekani kwenye buluu, ndani nabandika karatasi nyeupe iliyo ndogo kidogo kuliko kadi na kuandika maneno machache kwa mkono, heri ya mwaka mpya na habari moja ya nyumbani. Bahasha iwe ya mstatili, kwani ya mraba hutozwa posta nyongeza hapa Marekani. Mimi huituma katikati ya Novemba, nikijua kwamba itafika kwenye sanduku la posta la kaka yangu na kusubiri mpaka apate nafasi ya kumpelekea mama.

Mwaka jana mama alizihesabu ncha tukiwa kwenye simu, akaridhika kwamba ni sita na kwamba hii kweli ni theluji. Kisha akasema kwamba katikati nimeacha karatasi nyingi mno, na kwamba mfumaji angepafungua. Mwaka huu nimekata ile ncha ya chini zaidi ya nilivyozoea, na buluu inaonekana pale katikati.